Mgeni wa Mama Keki

Katika nyumba ile, sukari ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa mama mkwe, mshonaji mstaafu wa sare za shule, na aliumiliki ugonjwa wake kama wengine wanavyomiliki kiwanja: aliijua mipaka yake, aliwatembeza watu humo, na hakupenda mtu aingie bila kubisha hodi. Pale kliniki wagonjwa wenzake walikuwa wameunda kikundi na kumchagua awaongoze, na tangu hapo mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti. Hata mwanawe wa pekee, fundi wa majokofu ambaye kazi ilimweka mbali wiki baada ya wiki, alipopiga simu alianza kwa kuuliza kama Mwenyekiti hajambo.

Kwa hiyo asubuhi moja alipoingia jikoni akamkuta mke wa mwanawe kwenye sinki, kichwa nyuma, anashushia kidonge kirefu cheupe kwa maji, hakuhitaji miwani. Kidonge kile alikuwa akikimeza yeye tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliokota pakiti mezani, akaigeuza, akaisoma mgongoni, halafu akaenda chumbani kwake kuhakikisha kwamba vyake vipo. Vilikuwepo. Akarudi jikoni taratibu.

"Na wewe?" akauliza.

Mkwewe, ambaye wateja walimwita Mama Keki, angeweza kusema mengi. Maneno alikuwa nayo, tena alikuwa ameyapanga wiki nzima. Lakini akamwona mama yule amesimama na pakiti mkononi, uso umejaa huruma ya mtu aliyemkuta ndugu ugenini, na yale maneno yakamkimbia.

"Ndiyo, mama," akasema.

Ni hayo tu, na yalikuwa uongo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mama Keki ilianzia kwenye sinki na mwisho wake haukuwa mbali, lakini kwanza tuseme alichokuwa anakificha.

Tuanze na jina. Mwanamke aliyeolewa, watu humwita kwa jina la mtoto wake, na huyu hakuwa na mtoto. Siku moja, kwenye duka la keki alikofanya kazi, mteja aliyetaka kumwita kwa heshima alikwama katikati, Mama, Mama, akatupa jicho kwenye boksi alilobeba, akamalizia: Mama Keki. Wote dukani wakacheka, naye akacheka, na jina likanata. Kuna siku lilimpita kama upepo, na kuna siku lilimchoma.

Kisha mwili wenyewe. Wanawake wa pale walikuwa na neno la adabu kwa siku zao za mwezi: mgeni. Mgeni wa wenzake alikuwa na ratiba. Wa Mama Keki, tangu usichana, alikuwa mgeni asiye na haya. Alikuja bila taarifa, akakaa kupita kiasi, halafu akatokomea miezi mitatu au minne pasipo mtu kujua aliko. Kidevuni ziliota nywele ngumu ambazo Mama Keki alizing'oa kwa kibanio kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kiuno kilinenepa, chunusi zilimkalia shavuni katika umri ambao wenzake walikuwa wameshazisahau. Pale kwenye duka la keki walimwambia ndio mshahara wa kuramba krimu. Alicheka nao, kisha akaingia stoo na kukaa kwenye gunia la unga mpaka machozi yakauke.

Hatimaye alikwenda kwa daktari wa akina mama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Damu ikapimwa, tumbo likapigwa picha, na mpiga picha, mtu wa maneno machache, akamwambia tu kwamba ovari zake zote mbili zina vivimbe vingi. Uvimbe, katika lugha yetu, ni neno linalotembea na kisu. Mama Keki alikaa kwenye benchi la nje akijiona tayari ameshalazwa mezani chini ya taa.

"Si uvimbe wa kukatwa," daktari alimwambia. "Ni vijifuko vyenye mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani. Kila mwezi mwili huanzisha mayai kadhaa, moja likapevuka na kutoka. Kwako yanaanza mengi, na hakuna linalomaliza."

Mama Keki alifikiri kidogo. Akauliza kama ni sawa na kujaza oveni trei nyingi mno, moto usitoshe hata moja, keki zote zikabaki zimeumuka nusu. Daktari alisema mfano huo atauiba, awape wagonjwa wengine.

Akaendelea kumweleza bila haraka. Kuna homoni iitwayo insulini, kazi yake ni kuifungulia sukari mlango iingie mwilini ikatumike. Mwili wa Mama Keki haukuisikia vizuri. Kwa kuwa hausikii, kongosho lilikuwa likipaza sauti, likimwaga insulini zaidi na zaidi, na kelele hizo ziliziamsha homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo. Hizo ndizo zilizootesha ndevu na kuyazuia mayai. Dawa ya kuifuta hali hii haipo, lakini ya kuishi nayo ipo. Atembee kila siku, ale kwa mpango, alale vya kutosha. Ameze vidonge ambavyo wengi wanavijua kama vidonge vya sukari, vimsaidie mwili wake kusikia. Na mgeni akipotea miezi mingi, atapewa vidonge vingine vya kumwita, maana ukuta wa ndani ya tumbo la uzazi ukijijenga tu bila kubomoka, baadaye huleta maradhi mabaya. Akitaka mtoto, zipo dawa za kupevusha yai, na wengi wenye hali hii huzaa.

"Wengi, si wote," daktari akaongeza, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, na hayo maneno matatu ndiyo Mama Keki aliyorudi nayo nyumbani. Mengine yote aliyaacha kwenye kiti.

Alimweleza mumewe kwa simu. Mume, nyuma yake mashine ikinguruma, akauliza kama kunauma. Akasema naye atakwenda kupimwa hukohuko aliko, kwa sababu mkono mmoja haulei mwana na wala haumtengenezi. Halafu akamwomba asimwambie mama kwanza. Kumwambia Mwenyekiti, alisema, ni kusomewa kwenye kikao. Baada ya wiki mbili alipiga tena kusema majibu yake ni mazuri, na alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi.

Hiyo ilikuwa sababu ya mume. Mama Keki alikuwa na yake, nayo ilikaa sebuleni chini ya dirisha. Ilikuwa cherehani. Mama mkwe hakuwahi hata siku moja kumuuliza lini atamletea mjukuu. Hakuwa mtu wa kumpigia mkwewe kelele kama debe tupu. Ila sukari ilikuwa imeanza kumla macho, na mara mojamoja, akitunga uzi kwenye sindano kwa shida, alisema kama anayejisemea: "Ningependa kushona sare moja zaidi, ile ndogo kabisa, kabla macho hayajanikimbia." Kisha aliendelea na kazi yake. Mama Keki alikuwa akilisikia hilo akiwa amesimama na ufagio mkononi. Aliogopa. Hakuna aliyemtishia kumrudisha kwao, hakuna aliyemnunia, lakini hofu haingoji kutishiwa.

Ndiyo maana ule uongo wa jikoni ulimjia kama nafuu. Katika nyumba ile sukari ilikuwa ugonjwa wa heshima. Ule wake haukuwa na jina ambalo angeweza kulitamka sebuleni.

Na Mwenyekiti, Mungu amsamehe, alifurahi. Hakufurahia ugonjwa, alifurahia kupata mwenzake. Kwa miaka mingi alikuwa amekula peke yake mezani kile alichokiita chakula cha adabu huku wengine wakinywa chai ya kunata. Tangu kesho yake kopo la sukari liliondolewa mezani likafungiwa kabatini. Mboga zikachukua nusu ya sahani, na mkate mweupe ukapigwa marufuku ndani ya nyumba inayolishwa na mwoka keki. Alfajiri alimgongea Mama Keki mlango, na wakatoka wawili, mzee mbele na viatu vyake vya raba, wakapita gereji, wakapita duka la dawa, wakazunguka ua wa shule mpaka jasho liwatoke.

"Tupa mikono, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Mikono nayo ina sukari."

Akaenda mpaka kazini kwa mkwewe. Alimsimamisha Bosi wa duka katikati ya wateja, akamweleza kwamba kuanzia leo mkwewe halambi kijiko, haonji krimu, na keki iliyopasuka isigawiwe kwake. Bosi alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na wafanyakazi tisa, lakini aliitikia ndiyo mama kama mtoto wa darasa la kwanza. Kuonja kukahamishiwa kwa kijana wa kupamba keki, aliyeikubali adhabu hiyo kwa moyo mmoja.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa na kichekesho chake. Kila alichoagiza yule daktari, ambacho Mama Keki peke yake alikuwa amekianza mara tatu na kukiacha mara tatu, sasa kilitekelezwa bila kukosa, ila kwa jina la ugonjwa mwingine. Sketi zilianza kumlegea kiunoni. Mama mkwe alimsimamisha mbele ya cherehani, futi ya kitambaa shingoni, pini mdomoni, akabana huku na huku, akazipunguza. Mama Keki alisimama wima na kutazama ukuta. Kadiri mama yule alivyokuwa mwema ndivyo uongo ulivyozidi uzito.

Mgeni, naye, alikuja mara moja tu, tena kwa vidonge vya kumwita. Daktari alisema huyo si wa kumhesabu. Wa kumngoja ni yule atakayekuja mwenyewe.

Kisha likaja suala la kliniki. Mwenyekiti alitaka mkwewe aandikishwe kwenye kikundi. Mama Keki aliponyoka kwanza kwa keki ya harusi, baadaye kwa kichwa kuuma, halafu kwa safari ya Bosi, mpaka visingizio vikamwishia. Siku ya kikao alikwenda, akijipa moyo kwamba atakaa nyuma, atasikiliza, atarudi.

Hakujua kwamba kikundi kilikuwa na utaratibu wake. Mwanachama mpya husimama mbele ya wenzake na kutaja namba yake ya kwanza, ile aliyopimwa siku alipogunduliwa. Mgonjwa wa sukari anaweza kusahau siku aliyooa lakini hiyo namba haisahau. Mmoja alisimama siku ile akasema kumi na tisa, wakampigia makofi. Mwingine akasema ishirini na mbili, wakaguna kwa heshima. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ishirini na saba, na hakuna aliyewahi kumfikia. Halafu akageuka, uso unang'aa, akasema sasa tumsikie mwanangu.

Mama Keki alisimama. Hakuwa na namba. Hakuwa ameyasikiliza ya wenzake, masikio yalikuwa yakimvuma, na kichwani mwake kulikuwa na namba moja tu, ile anayoizungusha kila siku ya kazi kwenye swichi ya moto wa oveni.

"Mia na themanini," akasema.

Nesi wa kliniki akainua macho kutoka kwenye kazi yake.

"Mia na themanini, mwanangu?" akauliza Mzee Soksi, mstaafu mmoja aliyepewa jina hilo kwa sababu kila kikao alivua viatu kuwaonyesha wenzake jinsi ya kukagua nyayo. "Hiyo si namba ya mtu. Hiyo ni namba ya oveni."

Watu wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Mzee wa watu hakujua alivyopiga penyewe. Nesi hakucheka. Alimwita mezani, akamtoboa kidole, akasubiri mashine: tano nukta moja. Akamtoboa kingine, ikawa vilevile. Akamuuliza kama aliwahi kusumbuliwa na kiu, kwenda haja ndogo kila saa, macho kuona ukungu. Hapana, hapana, hapana.

"Dada," nesi akasema kwa upole, "nani alikuambia una sukari?"

Uongo mwingine ulikuwepo palepale, tayari, ungeweza kupita. Mama Keki alimtazama mama mkwe, ambaye bado mikono yake ilikuwa imekutana kwa makofi.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Sina sukari."

Kurudi nyumbani, Mwenyekiti alitangulia na hakutupa mikono. Alipita gereji, alipita duka la dawa, na aliposalimiwa alijibu kwa kichwa. Ndani aliketi kwenye kiti cha cherehani bila kuwasha taa ya mashine, akavua miwani, akaiweka mapajani.

"Nijibu kitu kimoja," akasema. "Vile vidonge unavimeza ili usizae?"

"Ninavimeza ili nizae, mama."

Ikawa sasa hakuna pa kujificha. Akamweleza akiwa amesimama, kuanzia mgeni asiyekuja mpaka ndevu za asubuhi, vijifuko, mwili usiosikia, vidonge vilevile kwa kazi nyingine. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja, kama hivyo vivimbe vitakatwa, akaambiwa haviguswi.

"Na hayo yote ukashindwa kuniambia."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Mama Keki aliielekezea macho mashine iliyokuwa kati yao. "Niliiogopa ile sare ndogo," akasema.

Mama mkwe aliinuka, akapita, na mlango wa chumba chake ukafungwa bila kishindo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Asubuhi Mama Keki alikuta cherehani imefunikwa shuka, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu aingie nyumba ile. Akaelewa kwamba hukumu imetoka. Siku zilizofuata walisalimiana, wakapishana, wakala. Kopo la sukari lilirudi mezani na hakuna aliyeligusa. Alfajiri hakugongewa. Alitoka kutembea peke yake, akazunguka ua wa shule, akarudi, akang'oa ndevu zake, akaenda kazini. Mumewe alisema kwenye simu kwamba mama hupoa, na Mama Keki akamjibu kwamba keki nayo hupoa, halafu inakuwa ngumu.

Asubuhi moja alifungua mlango wa mbele akamkuta mama mkwe getini, amevaa raba.

"Huo ugonjwa wako haupendi kutembea?"

"Unapenda, mama."

"Basi twende, kunakucha."

Walifika gereji ndipo akaanza kusema. Alisema hakumkasirikia kwa mgeni wala kwa mayai, hayo ni ya Mungu na ya daktari. Alimkasirikia kwa kumwacha asimame mbele ya watu anaupigia makofi uongo, yeye ambaye kikundi kizima kinamwamini. Kwa hilo alikuwa bado na hasira, na akatangaza kwamba angekaa nayo siku mbili tatu zaidi. Kisha wakapita duka la dawa.

"Ile mashine nimeifunika," akasema baadaye, bila kumtazama. "Sikujua inauma. Mimi nilidhani naongea na uzi."

Mama Keki alilia pale njiani, akiendelea kutembea, kwa sababu mwenzake hakusimama.

Wiki ile walikwenda kwa daktari pamoja. Mwenyekiti aliketi mbele, akaomba aelezwe upya kila kitu na apewe nafasi ya maswali, naye aliyapanga kama ajenda. Hivi si vivimbe? Si vivimbe. Ni kosa la mtu? Si kosa la mtu, hali hii ni ya wanawake wengi, na wengi hawajui kwamba wanayo. Matembezi yanasaidia, au ni ya wagonjwa wa sukari tu? Daktari akasema yanasaidia sana, tena kuna jambo la kujua: mwili usioisikia insulini, ukiachwa hivihivi miaka, mara nyingi huishia kwenye sukari yenyewe. Mama Keki atapaswa kupimwa mara kwa mara, maisha yake yote.

Mama mkwe aliegemea kiti. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao, uso wake ulikunjuka.

"Kumbe sikukosea," akasema. "Niliwahi tu."

Akatoka pale ameshika pakiti ya mkwewe kama mtu aliyeshinda kesi ya rufaa. Lakini kuhusu mgeni daktari hakuahidi kitu. Mwili unajifunza taratibu, alisema, wengine miezi, wengine zaidi, na hata akija si lazima mtoto afuate. Mgeni ni mgeni, mtoto ni mtoto. Walirudi kwa miguu, na njia nzima mama mkwe alikuwa akirudia hayo maneno ya mwisho kwa sauti ya chini, apate kuyazoea.

Tangu hapo alimuuliza kila mwanzo wa mwezi, kwa jicho tu, akimmiminia chai. Mama Keki alitikisa kichwa. Wakanywa chai yao isiyo na sukari, na baada ya chai wakafunga kamba za viatu.

Kikundi hakikumfukuza. Mzee Soksi alitoa hoja kwamba mtu anayetembea kuliko wanachama wote, anayekula kwa adabu kuliko wote, haiwezekani akakosa kiti kwa sababu tu hana ugonjwa. Hoja ikapita. Mzee huyo akambandika jina lingine, Oveni, na kila walipokutana alimuuliza ipo ngapi leo.

Jumamosi ambayo kikao cha viongozi kilifanyika nyumbani kwa Mwenyekiti, Mama Keki alikuwa hana zamu. Alipanga viti, akaleta chupa ya chai na vikombe, kimoja kwa kila aliyekuwepo. Cherehani ilikuwa bado imefunikwa shuka, na juu yake Mzee Soksi alikuwa ameweka kofia. Wakawa wanabishana kuhusu mashine ya kupimia ya kikundi, nani akae nayo. Mama Keki alikuwa na maumivu ya kiuno tangu asubuhi na aliyasingizia trei za jana. Akaenda msalani.

Alikaa humo kuliko kawaida. Hakuwa amemeza kidonge cha kumwita mtu. Aliangalia, akaangalia tena, na furaha iliyompanda ilikuwa kubwa mpaka akaona aibu, maana alijua wanawake wangapi mjini wakati huo walikuwa wanalaani kitu hichohicho. Alinawa uso. Aliamua kwamba atangoja wageni waondoke ndipo aseme. Akafungua mlango wa sebule akiwa na nia hiyo, akamwona mama mkwe, na nia ikaisha.

"Mama," akasema, "yule mgeni amefika."

Mabishano yakakatika. Mzee Soksi alivuta soksi zake juu, akachukua kofia yake kwenye cherehani, akatazama mlangoni. Mama mmoja akasogea apishe nafasi ya kiti.

Mwenyekiti hakusogea.

"Ameitwa?" akauliza.

"Hapana. Amekuja mwenyewe."

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa mtu asiyelia mbele ya kikao na hakutaka kuanza siku ile.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema.

"Amina," akaitikia Mzee Soksi, akiwa bado anatazama mlangoni. "Ni wa nani?"

"Wa kwetu."

"Mbona haingii, yuko wapi?"

"Ametoka mbali, amechoka. Mwacheni apumzike."

Mzee Soksi aliona hilo ni la busara, akarudisha kofia pale ilipokuwa, na mabishano ya mashine yakaendelea. Mwenyekiti aliinuka mwenyewe akaenda kabatini. Alirudi na kikombe kimoja zaidi, kile chenye maua ambacho hakitolewi ovyo, akamimina chai, akakiweka mezani mbele ya kiti kilichokuwa wazi. Sukari hakutia. Kisha akamshika mkwewe mkono, akamkalisha kwenye kiti hicho, na Mama Keki akainywa chai ya mgeni.